Daktari Humeza Kwanza

Jumatano, tarehe 11 Machi. Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yamekatika muda mfupi kabla ya jua kuchomoza, na ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanja wa gwaride kiasi kwamba bendera ilionekana nusu tu, imelowa na kunata kwenye mlingoti wake. Daktari wa kambi alivuka uwanja huo akiwa amekunja suruali ya sare isichafuke matope, begi begani, midomo ikimchezacheza. Askari waliopishana naye hawakushangaa. Walijua anasali. Alikuwa akisali huku anatembea, kama wengine wanavyopiga mluzi.

Mwanamke huyo kwa cheo alikuwa kapteni. Kambini walimwita Dokta Kwanza, na jina hilo lilikuwa na kisa chake.

Alipohamishiwa pale alikuta malaria imeifanya wodi kuwa kama kituo cha basi. Kila Alhamisi asubuhi kikosi kilipangwa mistari kumeza kidonge cha kinga, lakini askari hawakukimeza. Walikificha chini ya ulimi, kisha wakaenda kukitema nyuma ya jiko, maana uvumi ulikuwa umeenea kwamba kidonge kile kinammaliza mtu uanaume. Sajenti meja alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, wapi. Ndipo daktari akapanda kile kijukwaa cha mbao cha kutolea amri, akachukua kidonge kutoka kopo lilelile, akakimeza mbele ya kikosi kizima, akatoa ulimi wauone.

"Mimi kwanza," alisema. "Kikiwa kibaya, mtaniona nikianguka."

Dereva mmoja mwembamba, ambaye kwa kutonyamaza walimwita Redio, alisema kutoka mstari wa nyuma, "Lakini Dokta, wewe huna kile tunachoogopa kukipoteza."

Kikosi kiliangua kicheko hata sajenti meja akasahau kukasirika. Baada ya kucheka, wakameza. Tangu siku hiyo ikawa desturi yao: daktari humeza kwanza, kikosi kinafuata. Hakuna amri iliyoiandika desturi hiyo, lakini ilishika kuliko amri nyingi. Malaria ilirudi nyuma, na shuka za wodi zikapata nafasi ya kukauka.

Jumatano hiyo mgonjwa wa kwanza alikuwa dereva waliyemwita Breki, kwa sababu aliwahi kusimamisha lori lenye shehena nzima kumpisha kuku na vifaranga vyake. Aliingia chumba cha uchunguzi kofia mkononi, akakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Naona aibu, Dokta. Jana nilianguka pembeni ya lori. Aliyeniona ni Redio peke yake, na akijua Redio, basi dunia nzima imejua."

"Vua shati. Aibu yako tutaipima baadaye."

Alimwekea kipimo kifuani. Moyo wa Breki aliufahamu. Ulikuwa na tabia ya kuruka pigo mara mojamoja, na kwa sababu hiyo alikuwa amempangia safari fupi tu za mjini. Lakini siku hiyo haukuwa unaruka. Ulikuwa unakimbia, unajikwaa, unainuka, unakimbia tena. Daktari aliondoa kipimo masikioni.

"Umekunywa nini?"

"Chai."

"Breki, usinifiche. Kuna kitu umetumia."

"Naapa kwa Mungu, Dokta. Nilimeza ulichomeza wewe tu. Alhamisi iliyopita. Tangu hapo moyo haujatulia."

"Alhamisi iliyopita kulitokea nini?"

"Hukusikia? Hakuna aliyelala bwenini. Ilikuwa kama kuna harusi. Watu wanafua, watu wanang'arisha viatu mpaka alfajiri. Redio aliongea hadi sauti ikakauka. Wenzangu walicheka. Mimi nililala chali nimeshika kifua, nasema leo ndiyo leo."

Daktari alikumbuka Alhamisi ile kwake nyumbani. Kwa miaka mingi alikuwa akimwomba Mungu ampe nguvu ya kukesha katika sala, kwa sababu kila alipopiga magoti baada ya kazi, usingizi ulimbeba kabla hajafika kuombea wagonjwa wake. Siku ile usingizi haukuja. Alisali mpaka kukapambazuka, maneno yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, moyo ukimdunda, na akaamini ameguswa. Asubuhi alimkumbatia mama yake jikoni akilia kwa furaha. Baadaye akafua hata mapazia.

"Lala hapa," alimwambia Breki. "Usiinuke mpaka nirudi."

Stoo ya dawa ilikuwa upande wa pili wa ukumbi, na mtunzaji wake alikuwa koplo aliyefundishwa kazi na daktari mwenyewe. Daktari alishusha lile kopo kubwa la Alhamisi kutoka rafu ya juu, akamimina vidonge vichache kiganjani. Vyeupe, vya mviringo, saizi ileile. Akakigusisha kimoja ulimini. Kidonge cha malaria ni kichungu cha kukunja uso. Hiki hakikuwa na ladha. Akakumbuka kwamba Alhamisi iliyopita aliona hakikuwa kichungu, akadhani kimetoka kiwanda kingine, akakisukuma kwa maji, akaendelea na foleni yake. Alikuwa na haraka.

"Hiki ni nini?"

Koplo alitazama mlango, kisha dirisha, kisha viatu vyake.

"Afande, mimi nilipewa amri."

"Sijauliza ulipewa nini. Nauliza hiki ni nini."

"Vya kukesha, afande. Vile vya marubani wa safari ndefu. Kamanda alitaka kwanza aone kama vitawasumbua vijana. Kesho tena, halafu msafara unaondoka. Alisema nisikuambie. Ukijua hutameza, na wewe usipomeza..."

"Hawatameza."

"Ndiyo, afande."

"Ni wewe uliyenishikia kikombe cha maji Alhamisi ile."

Koplo alilichukua kopo, akalirudisha rafuni.

Ofisi ya kamanda wa kikosi ilinukia rangi mpya. Ukutani, mahali ambapo wakubwa wengine hutundika picha zao, kulikuwa na kibao cha namba cha lori, kimepinda katikati. Kila mtu kambini alikijua. Mwaka uliotangulia dereva alisinzia kwenye msafara wa kupeleka chakula na risasi milimani, lori likaingia korongoni na askari waliokaa nyuma. Kamanda alishuka korongoni mwenyewe kwa kamba, na alipanda na kibao kile.

"Nilijua utakuja," alisema kabla daktari hajamaliza kupiga saluti. "Kaa."

"Nitasimama, afande. Umewapa watu wangu dawa bila kuwaambia."

"Watu wako?" Kamanda alitabasamu bila furaha. "Kapteni, hao ni watoto wangu. Barua za msiba naandika mimi, siyo wewe. Njia ile ni siku mbili na hairuhusu kusimama. Ukisimama unapigwa na adui, ukisinzia unaanguka. Niambie dawa ya hapo."

"Madereva wawili kila lori, mmoja alale mwenzake akiendesha."

"Sina madereva hao. Kama unao kwenye begi lako, watoe."

"Basi waambie. Waambie ni kidonge gani, kinafanya nini, kinadhuru nini. Anayekitaka akimeze. Na nimpime kwanza."

"Nikiwaambia, nusu watakataa, nusu watakwenda kupiga simu nyumbani, na upande wa pili watajua siku ya msafara. Wewe unawaza mgonjwa mmoja mmoja. Mimi nawaza kikosi."

"Kuna mmoja amelala wodini sasa hivi, moyo unamkimbia."

"Yule anayesimamisha lori kwa ajili ya kuku?" Kamanda alifungua faili, akalifunga. "Ni dereva bora niliye naye. Kesho ataendesha."

"Moyo wake hautaweza, afande."

"Moyo wa nani uliwahi kuiweza vita?"

Daktari alihisi hasira ikimpanda, akaimeza, lakini haikushuka. "Umetumia kinywa changu," alisema taratibu. "Sikukupa. Wale vijana hawamezi kwa sababu ya cheo changu. Wanameza kwa sababu waliniona nimemeza, wakasema huyu hawezi kutudanganya. Umenifanya chambo."

"Nimetumia kinywa cha ofisa wa jeshi. Jeshi ndilo lililokusomesha udaktari. Kesho utapanda kile kijukwaa, utameza, na uso wako utakuwa wa kawaida. Usipofanya hivyo utalala mahabusu, na daktari atatoka kambi nyingine. Wapo wengi, na hawana maneno."

"Jeshi lilinisomesha, ni kweli. Na katika kusomeshwa huko hakuna mwalimu aliyeniambia nisimdanganye mgonjwa isipokuwa amevaa sare."

"Toka nje, Kapteni."

Alipiga saluti kama kanuni inavyotaka, akatoka.

Jioni, alipomaliza kumpima tena Breki wodini na kurudi nyumba za maofisa, alimkuta mama yake anapiga pasi sare ya kesho, kama alivyofanya kila Jumatano. Mama huyo alikuwa mjane aliyeishi na binti yake tangu kustaafu kazi ya kushona. Daktari alivua viatu, akakaa sakafuni karibu na miguu ya meza, akamweleza yote. Alieleza kuhusu kopo, kamanda na Breki bila kutikisika. Alipofika kwenye sala ya Alhamisi, sauti ilimkatika.

"Nilikuambia Mungu amenigusa, mama. Kumbe ni kidonge. Sala yangu yote ile ilikuwa kidonge."

Mama aliiweka pasi wima. "Uliwaombea nani siku hiyo?"

"Wagonjwa. Kikosi. Wewe."

"Kwa majina?"

"Kwa majina."

"Sasa kidonge kiliyajuaje majina yao?" Aligeuza suruali upande wa pili, akanyunyizia maji. "Aliyekudanganya ni mtu, mwanangu. Mungu hakukudanganya, na alichopokea amepokea. Usimnyang'anye."

Daktari alicheka katikati ya machozi, akajifuta kwa kiganja.

"Watanifunga, mama. Labda wanifukuze kabisa. Tutahama hapa."

"Nilikuwepo kabla ya nyumba hii." Mama aliendelea na pasi. Mkono wake ulikuwa mzito kuliko kawaida, na daktari aliuona. "Naogopa, nisikufiche. Naogopa sana. Lakini nitainyoosha hii sare mpaka mikunjo yake ikate kucha. Kama ni kukamatwa, ukamatwe umenyooka."

Alhamisi ilikucha kavu na angavu. Malori yalikuwa yamepangwa ukingoni mwa uwanja, maturubai yamefungwa. Daktari alipitia wodini kwanza, akakuta kitanda cha Breki kitupu, shuka imevutwa upande. Walikuwa wamemtoa. Alipofika uwanjani alimwona mstari wa mbele wa madereva, jasho limemtiririka shingoni wakati wenzake wote wana baridi. Macho yao yalikutana. Breki alijaribu kutabasamu, kama anayemwambia asijali.

Koplo wa stoo alipita mistarini na sinia, kila askari akachukua kidonge chake na kukiweka kiganjani. Hakumtazama mtu usoni. Kamanda alisimama kando ya kijukwaa, mikono nyuma. Sajenti meja akapaza sauti, kikosi kikakaa sawa.

Daktari alipanda. Mbao zililia chini ya viatu vyake kama siku zote. Koplo alimpa kidonge na kikombe cha maji, na daktari akavipokea. Kikosi kilimtazama kwa uvivu wa mazoea. Wengine walikuwa wameshanyanyua mikono nusu, wakimsubiri.

Bwana, nishike, alisema moyoni. Kisha akainama, akakirudisha kidonge ndani ya kopo mikononi mwa koplo. Kiligonga bati, na kwenye ule utulivu sauti hiyo ilifika hadi mstari wa nyuma.

"Leo simezi," alisema.

Mikono iliyokuwa imenyanyuliwa ikasimama hewani.

"Kikosi," alinguruma sajenti meja, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, "vidonge, meza."

Hakuna koo lililocheza. Hawakunung'unika, hawakutoka mstarini, hawakutupa kitu. Walisimama wima kama walivyofundishwa, kila mmoja na kidonge chake kiganjani, macho yote kwenye kijukwaa. Amri ilikuwa imetolewa sawasawa, lakini desturi ilikuwa haijatimia.

"Kapteni," alisema kamanda kwa sauti ya chini, "unajua unachofanya?"

"Najua, afande. Wiki iliyopita ndiyo sikujua." Akawageukia askari. "Sikilizeni. Hicho si kidonge cha malaria. Ni kidonge cha kuzuia usingizi. Mlikimeza Alhamisi iliyopita, na mimi nilikimeza kwanza, bila kujua. Kwa mtu mwenye moyo mzima kinaweza kumsaidia kuendesha muda mrefu. Pia kinaweza kumfanya aone visivyokuwepo, agombane na mwenzake, na kikiisha alale ghafla. Kwa mtu mwenye moyo mbovu kinaweza kumuua. Mlinifuata mimi. Ilikuwa haki yenu kujua mnafuata wapi."

Minong'ono ilipita mistarini kama upepo kwenye mahindi, ikafa.

"Ndiyo maana niliongea vile," alisema Redio. "Na mimi nilidhani nina kipaji."

Wachache walicheka, kicheko kifupi cha watu walioshikwa na woga. Kisha Redio akapiga hatua mbele, bila ruhusa, akasimama wima.

"Afande kamanda, naomba kusema. Njia ile naijua. Mwaka jana nilikuwa lori la nyuma, niliwaona wenzetu wakiingia korongoni. Mimi hiki kidonge nakitaka. Lakini wiki iliyopita nilipewa kama ng'ombe anayepewa dawa ya minyoo. Leo nakichukua kama mtu. Na nampokea Breki lori lake."

Kamanda alimtazama Redio kwa muda mrefu. Kisha akatazama malori, na macho yake yalipotua kwenye lori la mwisho, taya lilimkaza. Daktari aliona, kwa mara ya kwanza, jinsi mtu huyo alivyokuwa amechoka. Pengine yeye mwenyewe hakuwa amelala tangu korongo lile.

"Kabla hajakigusa nimpime," alisema daktari. "Kila dereva anayekitaka nimpime. Asiyetaka asilazimishwe. Na Breki arudi kitandani. Ukiniruhusu hayo, nitakwenda mahabusu kwa miguu yangu. Usiponiruhusu, mnibebe, na watazame mnavyonibeba."

Koplo wa stoo alikuwa amekumbatia kopo kama mtoto.

"Wapime," kamanda alisema hatimaye. "Msafara utaondoka na malori yatakayokuwa na madereva. Halafu, Sajenti Meja, mpeleke mahabusu. Atajibu mashtaka ya kukaidi amri mbele ya kikosi."

"Sawa, afande."

Akawapima palepale uwanjani, wakiwa wameketi mmoja mmoja kwenye ngazi ya kijukwaa, mashati wazi, kipimo baridi kikiwashtua. Alimwambia kila mmoja jina la kidonge na akamfanya alirudie. Baadhi walikipokea. Wengine walikirudisha kwenye sinia na kusema, bila kuona haya, kwamba wataendesha karibu au hawataendesha kabisa. Malori matatu yakabaki yamesimama bila dereva. Kamanda aliyahesabu kwa macho, akaenda ofisini kwake. Breki aliongozwa wodini na wenzake wawili, na alipopita karibu na daktari alisema tu, "Dokta, nimerudisha ufunguo wa lori," kama vile hilo ndilo lililokuwa limemsumbua siku zote.

Kazi ilipokwisha sajenti meja alipanda kijukwaani. Alikuwa bado ameshika kidonge chake cha asubuhi ile. Kilikuwa kimeanza kuyeyuka kwa jasho la kiganja. Akakitumbukiza ndani ya kopo, akajipangusa mkono kwenye suruali, na akampiga daktari saluti ambayo hakuna aliyemwamuru aipige.

"Tafadhali tuongozane, afande."

"Naja."

Daktari alichukua begi lake, kisha akamkabidhi koplo kipimo cha moyo. "Msikilize Breki kila saa. Akibadilika niite, hata kama ni kupitia nondo."

"Nitafanya hivyo, afande." Koplo alikivaa kipimo shingoni. "Afande, unisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila lile kopo liandikwe jina lake la kweli, leo hii, kwa herufi kubwa."

Walipofika katikati ya uwanja, sauti ya Redio iliwafuata kutoka dirisha la lori lake, injini ikinguruma. "Dokta, na Alhamisi ijayo nani atameza kwanza?"

Daktari alisimama. Sajenti meja naye akasimama, hatua moja nyuma yake, wala hakumharakisha. Kikosi kilikuwa bado mistarini kwa sababu hakuna aliyekuwa amekiambia kitawanyike. Daktari aligeuka, sare ikiwa imenyooka kama kuta, akanyanyua mkono wa kuume, na akasema kwa sauti ambayo madereva waliisikia juu ya injini na kamanda akaisikia kupitia dirisha lililo wazi:

"Mungu ni shahidi, na ninyi nyote ni mashahidi. Wakiniacha niendelee na kazi hii, au wakinivua sare hii nikafanye kazi mahali pengine, kwa askari, kwa mateka, kwa raia, kwa yeyote atakayekaa mbele yangu: hakuna kitu kitakachotoka mkononi mwangu kikaingia kinywani mwake kabla sijamwambia ni nini. Naahidi."